Kihamba, dola na jeni: kisa cha binti wa Moshi mwenye selimundu

Kikao cha ukoo kilifanyika Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, wiki ya Krismasi, wakati Wachaga walioko mbali wanaporudi nyumbani. Mambo ya kujadili yalikuwa matatu. Mpaka wa shamba na ada ya mtoto wa marehemu vilimalizwa mapema. La tatu lilikula mchana mzima: wauze au wasiuze sehemu ya kihamba, shamba la urithi la ukoo, ili binti wa miaka 13 mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, apelekwe nje ya nchi "akabadilishwe jeni".

Nafanya kazi na familia za watoto wenye maradhi ya kudumu hapa Moshi, na mama wa binti aliniomba nihudhurie. Familia imeridhia niandike, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike. Naandika kwa sababu maswali yao nayasikia sasa kwa wazazi wengi, tangu habari za tiba ya jeni zilipoanza kuzunguka kwenye simu. Tena naamini hatari iliyokuwa imemkaribia mtoto yule haikuwa ile iliyokuwa ikijadiliwa.

Binti alipimwa akiwa na miaka miwili, baada ya mikono na miguu kuvimba mara kwa mara. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kulazwa, kuongezewa damu na kukosa shule. Alipofika miaka tisa alianzishiwa haidroksiyurea, kapsuli ya kumeza kila siku. Kulazwa kukapungua sana. Baba yake ni dereva wa kosta za Moshi na Arusha, mama anauza mboga Soko la Mbuyuni, na wote wawili wanasema miaka ile minne ndiyo waliyoanza kulala usingizi.

Mwezi Septemba baba mkubwa wa binti, mfanyabiashara wa vipuri Dar es Salaam, alipata wakala kupitia simu. Wakala alituma kurasa mbili zenye picha ya hospitali ya nje, bei ya zaidi ya dola 20,000, na maelezo kwamba mgonjwa atafanyiwa "tiba ya jeni kwa seli shina", siku 12, bila tibakemikali, na atapona kabisa. Aliagiza pia kwamba haidroksiyurea iachwe mara moja kwa kuwa "inachafua uloto", yaani ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu. Baba mkubwa, kwa mapenzi mema kabisa, alitanguliza sehemu ya malipo na kumpigia mdogo wake. Kapsuli zikaachwa.

Novemba binti alilazwa. Kifua kilibana, hewa ikawa ndogo, akawekewa oksijeni na kuongezewa damu. Alitoka akiwa amekonda hata sare ya shule ikamvuka mabegani. Ukoo ukasoma tukio hilo kama uthibitisho kwamba ugonjwa unakua na safari haina budi kuharakishwa. Karibu hakuna aliyekuwa ameunganisha kulazwa kule na dawa iliyoachwa. Aliyeunganisha alikuwa mama, na aliposema kikaoni alijibiwa kwamba ugonjwa wenyewe ni yeye aliyeuleta ukooni.

Lawama hiyo lazima niimalize kwanza, kwa sababu ilikuwa inazuia watu kusikia mengine. Mama ni mtu wa Sengerema. Kanda ya Ziwa na pwani zina selimundu nyingi kuliko huku mlimani, hivyo kwa watu wa Uru ilionekana dhahiri kwamba jambo hili limeingia na bibi harusi. Lakini mtoto hawi na selimundu mpaka apokee jeni yenye hitilafu kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mzazi mmoja hawezi kumpa mtoto selimundu hii peke yake. Baba naye amebeba. Tulipouliza kwa utulivu, ikatajwa kwamba mama yake mzazi alitoka Kahe, tambarare ya chini yenye joto na mbu. Hapo picha inakamilika. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imedumu mahali palipo na malaria kwa vizazi vingi, Sengerema na Kahe pia, na ikawa chache kwenye vilima vya baridi. Babu na bibi za huyu binti, pande zote mbili, huenda walivuka utoto wao kwa msaada wa jeni ileile inayomtesa yeye. Mzee mmoja wa ukoo alikaa kimya kidogo, kisha akasema basi mkwe wao asisemwe tena. Hilo peke yake lilitosha kufanya kikao kiwe na faida.

Sasa tiba yenyewe. Tiba ya jeni kwa selimundu ipo, imethibitishwa, na imebadilisha maisha ya watu. Baba mkubwa hakuota. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani kutumia mkasi wa kuhariri jeni uitwao CRISPR, ule ambao wanasayansi Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2020. Marekani ikafuata Desemba 8, 2023, na siku hiyohiyo ikaidhinisha nyingine, Lyfgenia, ambayo hutumia kirusi kilichopunguzwa makali kupenyeza jeni nzima ndani ya seli. Victoria Gray wa Mississippi, aliyekuwa wa kwanza Marekani kutibiwa selimundu kwa CRISPR mwaka 2019, amesimulia hadharani jinsi maumivu yaliyomtawala tangu utotoni yalivyokoma. Kwenye takwimu zilizopelekwa kuomba idhini ya Casgevy, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kubanwa na maumivu makali. Kwa anayeujua ugonjwa huu, namba hiyo inatoa machozi.

Kinachofanyika ndicho watu wengi hawakielewi, na ndicho kilichobadilisha mwelekeo wa kikao. Selimundu husababishwa na herufi moja tu iliyokosewa kwenye jeni inayotengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Hemoglobini yenye kosa hilo ikikosa hewa hushikana na kuwa kama nyuzi, chembe nyekundu inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo, na inakufa ndani ya siku 10 hadi 20 badala ya siku 120. Lakini kila mtu huzaliwa na hemoglobini nyingine, ya tumboni, ambayo haina kosa hilo. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima taratibu. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu mara nyingi huwa salama miezi ya mwanzo, kisha mateso yanaanza.

Casgevy hairekebishi ile herufi iliyokosewa. Seli shina za mgonjwa, zile za kwenye uloto zinazozalisha chembe za damu, hutolewa, hupelekwa maabara, na mkasi hukata sehemu inayoiwezesha BCL11A kufanya kazi ndani ya seli za damu. Hemoglobini ya tumboni inarudi, na chembe hazipindi ovyo. Na haidroksiyurea? Kazi yake kubwa ni hiyohiyo, kupandisha hemoglobini ya tumboni, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi na kwa muda tu mgonjwa anaoimeza.

Nilipolieleza hili baba mkubwa aliniomba nirudie. Kapsuli waliyoambiwa inachafua uloto inavuta kamba ileile ambayo tiba ya mamilioni ya dola inaivuta.

Wakala alikuwa ameokota nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyompa sauti ya mtaalamu. Kwenye vituo halisi haidroksiyurea husimamishwa kweli wiki kadhaa kabla ya kukusanya seli. Ila mgonjwa haachwi mtupu. Anaongezewa damu kwa mpango katika kipindi hicho chote ili chembe zinazopinda ziwe chache mwilini. Kumwambia mzazi wa Moshi aache dawa na asubiri tarehe ya ndege, bila damu wala daktari anayemfuatilia, ni kumweka mtoto njiani kwenye hatari. Novemba ilitokea kilichotarajiwa kutokea.

Maneno "bila tibakemikali" nayo yalipaswa kuamsha wasiwasi. Seli zilizohaririwa haziwezi kukaa kwenye uloto mpaka zile za zamani ziondolewe, na tiba zote mbili zilizoidhinishwa huziondoa kwa dawa kali iitwayo busalfani. Hapo mgonjwa hukaa wodini wiki nyingi bila kinga ya mwili, midomo ina vidonda, nywele zimetoka. Siku 12 pia haziwezekani. Kutengeneza na kupima seli za mtu mmoja huweza kuchukua hadi miezi sita. Kilichokuwa kinauzwa kwenye zile kurasa mbili hakikuwa tiba ya jeni. Ilikuwa sindano ya kitu kilichoitwa seli shina, na hakuna idhini ya Uingereza wala Marekani inayosema sindano ya namna hiyo inaponya selimundu.

Bei ilikuwa kidokezo kingine, japo cha kuumiza. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2, Lyfgenia milioni 3.1. Ile ya kwanza ni zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mtoto mmoja. Kihamba chote cha ukoo kikiuzwa, na cha majirani, hakifiki. Hapo baba mkubwa alisema neno ambalo silipingi hata kidogo: "Kwa hiyo dawa ya ugonjwa wetu imetengenezwa, na sisi tuiangalie kwenye simu?"

Ana haki ya kuuliza hivyo. Zaidi ya robo tatu ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Uingereza, Januari 2025, ilikubali kuwalipia baadhi ya wagonjwa wake Casgevy kupitia huduma ya taifa ya afya. Mtoto wa London mwenye ugonjwa huu, ambaye pengine babu yake alitoka Lagos au Accra, anaweza kuipata bure. Wa Uru hapati. Huu ni udhalimu, na nausema bila kuulainisha. Mwaka 2019 taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani na mfuko wa Gates walitangaza angalau dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazowezekana kutolewa Afrika, kwa matumaini ya siku moja kumchoma mgonjwa sindano moja bila tibakemikali. Kwamba jambo hilo si ndoto tupu kulionekana Philadelphia mwaka 2025, mtoto mchanga aliyejulikana kama KJ alipotibiwa ugonjwa adimu wa ini kwa dawa ya kuhariri jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, ikaingizwa mwilini moja kwa moja. Ila ini hufikika kwa urahisi kuliko uloto, na kwa selimundu njia hiyo bado iko kwenye utafiti.

Baba wa binti, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, aliuliza swali la dereva: na ikiharibika? Nilimjibu kwa historia, kwa sababu tiba hii imepita kwenye makaburi. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki Pennsylvania siku nne baada ya kudungwa kirusi kilichobeba jeni kwenye jaribio la utafiti. Hakuwa mahututi alipoingia. Ugonjwa wake wa ini ulikuwa umedhibitiwa kwa dawa na chakula, na alijitolea kwa ajili ya watoto wenye hali mbaya zaidi. Kipindi hichohicho, Paris, watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili walitibiwa kwa jeni na wengi wakapona, kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu kwa sababu kirusi kilijipachika jirani na jeni inayochochea ukuaji wa seli. Utafiti ulibadilika sana baada ya hapo, virusi vilivyotumika vikabadilishwa, usimamizi ukakazwa. Hata hivyo Lyfgenia imeidhinishwa ikiwa na onyo kali kuhusu saratani ya damu, na waliotibiwa wanapaswa kufuatiliwa kwa miaka mingi. Ufuatiliaji huo unahitaji hospitali iliyo karibu na inayojua inachotafuta. Kituo cha nje kinachomrudisha mtoto uwanja wa ndege wa KIA na bahasha ya picha hakiwezi kuutoa.

Kuna hatari moja ambayo kikao hakikuigusa kabisa, na aliyeigusa hakuwa kikaoni. Binti alikuwa jikoni na wenzake. Nilipoenda kumsalimia alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli dawa ile huua mayai ya uzazi. Alikuwa ameisoma mwenyewe kwenye simu ya shangazi yake. Ni kweli kwamba busalfani huweza kuharibu uwezo wa kuzaa, kwa wasichana na wavulana, na vituo vikubwa huzungumza na mgonjwa juu ya kuhifadhi mayai au tishu za ovari kabla ya kuanza. Nilimwambia hivyo. Akauliza tena kama akipona watoto wake watakuwa salama. Hilo nalo lina jibu ambalo wakubwa hawakulijua: tiba hizi hugusa seli za damu tu. Mayai yake yangebaki na jeni ileile, na kila mtoto wake angerithi walau jeni moja ya selimundu hata kama yeye haumwi tena. Baba mkubwa alikuwa amesema kwamba pesa hizi "zitaondoa ugonjwa ukooni". Zisingeondoa. Kinachoweza kuupunguza ukooni ni vijana kujua hali zao kabla ya ndoa, na kaka wa binti, wa miaka 16, tayari amepimwa na kukutwa amebeba jeni moja.

Niliomba ruhusa ya mama nikayarudisha maswali yale mbele ya wazee, bila kueleza kila neno. Shangazi ndiye aliyeyachukua na kuyashikilia. Alisema wazi kwamba mtoto wa miaka 13 anayeweza kuuliza hivyo hawezi kuamuliwa kama mbuzi.

Basi walifanya nini? Kihamba hakikuuzwa. Pesa alizotanguliza baba mkubwa hazijarudi, na wakala amebadilisha namba. Januari binti alirudi kliniki, akapimwa damu, akaanzishwa upya haidroksiyurea, kwa sharti la kurudi kupimwa kwa ratiba, maana dawa hii ikizidi hushusha chembe za damu. Baba mkubwa ameahidi kwamba kila dawa itakapokosekana hospitali yeye ndiye atakayeinunua duka la dawa, na amefanya hivyo. Kwangu mimi huu ndio mchango mkubwa zaidi aliotoa, mkubwa kuliko zile dola, na nilimwambia. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto 606, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba haidroksiyurea ilipunguza matukio ya maumivu kwa zaidi ya nusu na kuongezewa damu kwa takriban theluthi mbili, malaria ikashuka kwa nusu hivi, na vifo vikatoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, ukilinganisha na kipindi cha kabla ya dawa. Hao walikuwa watoto wa Afrika, wenye malaria yetu na hospitali zenye upungufu kama wetu. Sioni kwa nini habari hiyo haizunguki kwenye simu kama ile ya CRISPR.

Mama hakuridhika na kapsuli peke yake, na sikumlaumu. Anataka kupona, na kapsuli haiponyi. Tulizungumza juu ya kitu cha tatu, ambacho wakala alikichanganya na tiba ya jeni: upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu. Hapa haihaririwi jeni yoyote. Seli za ndugu mwenye afya huwekwa mahali pa zile za mgonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa kwa aina ya tishu, na ndugu aliyebeba jeni moja tu, kama huyu kaka, anaweza kutoa. Kuna pia mdogo wao wa kike wa miaka saba, ambaye hakuwahi kupimwa hata selimundu yenyewe. Ni jambo la kawaida kwenye familia zetu: anayeumwa anapimwa kila kitu, anayecheza nje anasahauliwa. Amepimwa sasa, hana.

Upandikizaji nao una makali yake. Seli za ndugu zinaweza kuushambulia mwili wa mpokeaji, jambo ambalo tiba ya jeni inaliepuka kwa kuwa seli ni za mgonjwa mwenyewe. Hiyo ni faida kubwa ya kweli ya tiba ya jeni, hasa kwa mgonjwa ambaye hana ndugu anayelingana naye, na ndiyo sababu sitaki mtu asome kisa hiki akadhani nawaambia watu waisahau. Nawaambia wasiache dawa kwa ajili yake kabla haijafika.

Majibu ya vipimo vya kuona kama kaka na mdogo wake wanalingana naye hayajatoka. Wakilingana, kikao kingine kitaitwa, na mama ameshasema binti atakaa kikaoni tangu mwanzo. Baba mkubwa hakupinga. Maswali ya kupeleka Dodoma wameanza kuyaandika kwenye daftari la mama la biashara. La kwanza ni la binti, kwa mwandiko wake, kuhusu mayai ya uzazi na kama yanaweza kuhifadhiwa hapa nchini, kwa sababu upandikizaji nao hutanguliwa na tibakemikali.